Anajifanya Kijana

Kuna kitenzi kimoja cha Kiswahili ambacho kimenisumbua kwa muda mrefu, nacho ni kujifanya. Ukikichambua kama tulivyofundishwa katika somo la mofolojia huoni ubaya wowote ndani yake. Kuna kiambishi -ji- kinachomrudisha mtenda kwake mwenyewe, na kuna mzizi -fany-. Mtu anajifanya, yaani anajitengeneza, kama fundi anavyotengeneza kiti. Lakini hakuna anayekisikia hivyo. Anayejifanya ni anayeigiza: anajifanya mgonjwa, anajifanya hajui, anajifanya tajiri. Na mtu wa umri wangu akianza jambo la nguvu ambalo hakulifanya ujanani, watu husema: anajifanya kijana.

Swali la insha hii ndilo hilo. Je, mtu aliyevuka miaka 40, ambaye jamaa na majirani wamekwisha kumjua kuwa ni mtu wa namna fulani, anaweza kujifanya kwa maana ile ya kwanza bila kuangukia maana ya pili? Na ni nani mwenye haki ya kumkubalia au kumkatalia?

Siulizi kwa udadisi wa darasani tu. Nina miaka 44. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Kigali, ninasomea shahada ya Kiswahili mwishoni mwa wiki pamoja na wenzangu ambao kwa umri wangeweza kuwa wanafunzi wangu wa darasa la tatu, na mwaka uliopita nilijifunza kuendesha baiskeli. La shahada halikumshangaza mtu. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na mwalimu anayeongeza lugha huonekana anaongeza mkate wake. La baiskeli ndilo lililozua maneno.

Kwanza nitazame majina tunayowaita watu wa umri huu, kwa maana nadhani ugomvi unaanzia hapo. Kiswahili kina mtu wa makamo na mtu mzima. Makamo ni neno lenye asili ya Kiarabu, maqam, mahali mtu anaposimama, cheo chake, daraja lake. Mzima ni neno letu wenyewe la Kibantu, nalo lina maana ya aliye na afya, na tena ya kitu kisichopunguka: mkate mzima, siku nzima. Kwa hiyo mtu wa umri wangu amekwisha kufika anapopaswa kusimama, na amekwisha kukamilika. Utamwambiaje mkate mzima uendelee kuwa mkate?

Hapa lazima nijihadhari, maana walimu wetu wamekwisha kutuonya. Padri Alexis Kagame, mwenzetu wa hapa Rwanda, mwaka 1956 alitoa kitabu kilichojaribu kuonyesha falsafa nzima ya kuwapo kwa kutumia ngeli za Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Paulin Hountondji wa Benin akaja kupinga njia hiyo. Alisema, kwa kifupi, kwamba sarufi ya watu si falsafa yao, na kwamba falsafa ni kazi ya mtu mmoja mmoja anayefikiri na kujibiwa. Nakubaliana na Hountondji. Neno mzima halithibitishi kwamba mtu wa miaka 44 amekamilika. Linaonyesha tu mahali ambapo watu wamezoea kuacha kuuliza.

Methali nazo ziko upande wa wanaoacha kuuliza. Samaki mkunje angali mbichi. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Na ile kali kuliko zote: mwacha asili ni mtumwa. Hii ya mwisho niliambiwa usoni, kwa Kiswahili kabisa, na mama mmoja wa Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya barabarani tangu zamani. Nilimwuliza, kwa heshima, asili yangu ni ipi. Akanitazama kama anayemtazama mtoto mpumbavu, kisha akasema: “Wewe ni mwalimu, na ni mama wa watu.”

Jibu lake ni zuri kuliko nilivyotaka kulikubali siku ile. Hakusema asili yangu ni kabila, wala kijiji, wala damu. Katika nchi ambayo watu waliandikiwa asili zao kwenye vitambulisho tangu miaka ya 1930, na ambayo kufikia mwaka 1994 maandishi hayo yalikuwa yamegeuka hukumu ya kifo, nashukuru kwamba alikwenda kwenye kazi na watoto. Lakini angalia alichokiita asili. Ualimu niliuanza nikiwa na miaka 21. Umama niliupata miaka michache baadaye. Vyote viwili nilijifunza, na mwanzoni vyote viwili nilivifanya vibaya mbele za watu. Kumbe asili, kwa maana yake, ni mazoea ya zamani ambayo watu wamesahau kwamba yaliwahi kuwa mapya.

Sasa baiskeli yenyewe. Msomaji wa nchi nyingine huenda akaona ni jambo dogo, basi nieleze. Kwetu zamani kulikuwa na orodha ya mambo ambayo mwanamke hakuyafanya: kupiga mluzi, kukamua ng'ombe, kupanda juu ya paa, kupiga ngoma kubwa. Baiskeli ilipofika iliingia katika orodha hiyo bila mtu kuiandika, kwa kuwa mwanamke alikaa nyuma, ubavu mmoja, akibebwa. Juu ya hilo kuna suala la hadhi. Baiskeli Rwanda ni ya wale tunaowaita abanyonzi, vijana wanaobeba abiria, ndizi, magunia ya viazi na madumu ya maziwa. Mwalimu akipanda baiskeli amevunja miiko miwili: wa jinsia na wa tabaka. Nasema kweli, wa pili ndio uliowaudhi watu zaidi. Jirani mmoja aliniuliza kwa upole kama mshahara umecheleweshwa.

Aliyenifundisha ni mnyonzi, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi hiyo pembezoni mwa jiji. Alikuwa akishika tandiko na kukimbia nyuma yangu katika barabara ya vumbi, akiniita Mwalimu katika kila sentensi. Mwalimu, usitazame tairi. Mwalimu, achia breki. Mwalimu, ukiogopa utaanguka. Majuma matatu. Watoto walisimama kando kuhesabu nimeanguka mara ngapi, wakihesabu kwa Kiingereza kama nilivyowafundisha.

Ninaleta habari hii kwa sababu ya hoja, na hoja ni hii. Siku zile sikuwa na nafasi ya kujifanya kwa maana ya kuigiza. Mtu anaweza kuigiza utajiri kwa kukopa suti. Anaweza kuigiza usomi, na sisi wanafunzi tunajua inavyofanyika. Lakini huwezi kuigiza kwamba unapanda mlima wa Kimihurura kwa baiskeli. Ama unafika juu, ama unashuka na kusukuma. Kigali iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na karibu kila barabara inapanda au inateremka. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika hapa, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, waendeshaji bora wa dunia walipanda mawe yale ya Kimihurura tena na tena. Shule zilifungwa wiki hiyo, nami nilisimama kando ya barabara kila siku. Niliona wanaume ambao kazi yao ni hiyo tu wakiachwa nyuma, vinywa wazi. Mlima haukujua majina yao.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti kati ya maana mbili za kitenzi chetu. Kuigiza ni kujitengeneza mahali ambapo hakuna kinachoweza kukukatalia, isipokuwa macho ya watu, nayo yanadanganyika. Kujitengeneza kweli ni kwenda mahali ambapo kipo kitu kinachoweza kusema hapana: mlima, maji, uzito, goti lako mwenyewe. Ndiyo maana nadhani si bahati tu kwamba watu wengi wa makamo wanaotaka kubadilika huanza na mwili. Mwanasaikolojia Elliott Jaques, aliyelitia jina suala hili la msukosuko wa umri wa kati katika makala yake ya mwaka 1965, aliona chanzo chake ni mtu kutambua kwamba kifo chake ni cha kweli. Labda. Lakini nadhani kuna jambo jingine lililo karibu zaidi. Kufikia miaka 40, mambo mengi yanayotuzunguka yamekwisha kukubaliana nasi. Wanafunzi wanasimama ninapoingia. Ndugu wanajua nitachanga kiasi gani harusini. Ni miaka sasa tangu kitu kinikatalie waziwazi, na mtu asiyekataliwa na kitu chochote hawezi kujua kama bado yupo au anarudiwarudiwa tu.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga kwa kumtumia Jean-Paul Sartre, na alinipinga vizuri. Katika kitabu chake cha mwaka 1943 Sartre anamweleza mhudumu wa mgahawa anayetembea haraka mno na kuinama kwa bidii mno: anaigiza kuwa mhudumu. Na bado sinia liko mkononi, vikombe ni vya kweli, na vikianguka vitavunjika. Mwili wake unafanya kazi halisi, na bado anajificha ndani ya kazi hiyo. Basi, aliniuliza, unajuaje kwamba wewe huigizi kuwa mwanamke mpya wa miaka 44, mwenye kofia ngumu na magoti yenye makovu, mwenye hadithi ya kuwasimulia wenzake?

Sijui kwa hakika. Ila naona hatari anayoisema Sartre inakuja pale mtu anapokwisha kuwa fundi. Mhudumu yule alikuwa hodari, ndiyo sababu aliweza kuongeza madoido. Anayeanza hana nguvu za ziada za kuigizia. Miguu inatetemeka, na akili yote iko kwenye breki. Siku nitakapoweza kuachia usukani mkono mmoja ili niwapungie watu, siku hiyo mwenzangu aje tena na hoja yake.

Kuna mfano wa karibu unaonipa moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Odile Gakire Katese alianzisha kikundi cha Ingoma Nshya, wanawake wapiga ngoma, huko Butare. Ngoma ilikuwa ya wanaume na ya mfalme, na ilisemwa kwamba mikono ya wanawake haiwezi. Naona uzuri wa jambo lile katika namna lilivyojibiwa. Hoja haikuachwa iamuliwe na wanaobishana. Waliipiga ngoma, na ngoma ikalia. Kitu kilichoweza kukataa hakikukataa.

Lakini sitaki kuonekana nasifu kila badiliko. Mwaka 2008, nchi yetu ilipoamua kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, nilikuwa mwalimu kijana. Niliona walimu wa miaka 45 na 50, waliosoma na kufundisha kwa Kifaransa maisha yao yote, wakisimama mbele ya darasa na kutafuta neno ambalo mtoto wa dawati la mbele alikuwa analo tayari. Wao hawakuchagua. Mmoja wao, ambaye kwangu alikuwa kama baba, aliacha kusimulia hadithi darasani. Alifundisha hesabu vizuri kama zamani, lakini hadithi aliziacha, na watoto wa miaka ile hawakujua kwamba alikuwa msimulizi. Kwa nje mambo yalikuwa yaleyale: mtu wa makamo anaanza upya mbele za watoto. Kwa ndani hayafanani hata kidogo. Yule aliyeamriwa kuanza upya na yule aliyetaka hawatumii hata kitenzi kimoja. Mmoja amefanywa, mwingine amejifanya. Nikisikia watu wakisema kwa wepesi kwamba mtu anapaswa kujivumbua upya kila baada ya miaka kumi, namkumbuka mwalimu yule na hadithi zake.

Sasa nije kwenye hoja ambayo wengi wangetaka nianze nayo: afya. Tangu mwaka 2016 jiji la Kigali lina siku isiyo na magari, sasa Jumapili mbili kila mwezi, ambapo barabara kubwa hufungwa ili watu wakimbie, watembee na kuendesha baiskeli, na wahudumu wa afya hupima shinikizo la damu na sukari bila malipo. Ni jambo jema. Sayansi nayo iko upande wetu. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake huko Boston waliwapa wazee kumi wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, mazoezi ya kunyanyua uzito kwa majuma nane tu, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo samaki hukunjika hata akikauka.

Hata hivyo naishuku hoja ya afya, kwa sababu inakubalika upesi mno. Nilipowaambia watu kwamba daktari anapenda nifanye mazoezi, kila mdomo ulifunga, hata wa mama yule wa Nyamirambo. Mazoezi ya afya yananirudisha kwenye wajibu: ninajitunza ili niendelee kuwatumikia. Ni kweli, lakini si kweli yote. Sipandi Kimihurura kwa ajili ya sukari yangu. Ninapanda kwa sababu ninataka kufika juu. Mtu hushindwa kulisema hilo, hasa akiwa mwanamke, hasa akiwa mama, kwa kuwa ni tamaa isiyomlisha mtu yeyote. Kieran Setiya, mwanafalsafa aliyeandika juu ya umri wa kati mwaka 2017, anatofautisha shughuli zenye kikomo, ambazo zikitimia zimekwisha, na zile zisizo na kikomo, ambazo thamani yake imo katika kuzifanya. Anaona huzuni ya umri huu inatokana na kuishi kwa zile za kwanza peke yake. Kwetu tofauti hiyo ina sauti ya jirani anayeuliza barabarani: “Unaenda wapi?” Kwa mtu aliye juu ya baiskeli isiyo na mzigo, anayezunguka na kurudi alikotoka, hakuna jibu la kumridhisha.

Imebaki hoja ambayo sijaishinda, na sidhani kama nitaishinda. Ni ya shangazi wa mume wangu, mwanamke wa miaka 70 na zaidi asiyejua kusoma. Alisubiri watu wote waondoke ndipo akaniambia: “Mwanangu, ukivunjika mguu, nani atakubeba?” Kwa mtu wa kwetu neno hili ni zito. Ingobyi ni jina la ile ngozi ambayo mama alimbebea mtoto mgongoni, na pia ni jina la machela ambayo majirani walimbebea mgonjwa, mabegani, kupanda na kushuka milima mpaka hospitali. Shangazi amekwisha kutembea nyuma ya machela kama hizo usiku kucha. Alichokuwa akiniambia ni kwamba mwili ninaouita wangu una wabebaji wake, na kwamba kabla ya kuupeleka mahali pa hatari ningalipaswa kuwauliza mabega yao.

Kitabuni ningejibu kwamba mwili wangu ni mali yangu. Mbele yake sikuweza kulisema, kwa maana si kweli. Nilibebwa katika ingobyi ya kwanza, na inawezekana nikabebwa katika ya pili. Nilichoweza kumwambia ni kwamba mama yangu mzazi alifariki akiwa na miaka 39. Tangu nilipoupita umri huo, ninaishi miaka ambayo yeye hakuionyesha inavyoishiwa. Sina wa kumwiga. Wanaoniambia nibaki nilivyo hawajaniambia nibaki kama nani. Shangazi alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama breki za baiskeli ni nzuri, akataka kuziona. Alizibana kwa mikono yake yote miwili, akasema ya nyuma imelegea. Na kweli ilikuwa imelegea.

Sikuchukulia kwamba amenikubalia. Alikuwa ameingia tu katika jambo hili kama mmoja wa wabebaji, na tangu siku hiyo huniuliza habari za breki kila tunapoonana. Nadhani hiyo ndiyo haki ya watu wa karibu juu ya mtu anayebadilika: si kumkatalia, bali kukagua breki.

Binti yangu ndiye mgumu zaidi. Ana miaka 16, na katika umri wake yeye ndiye anayebadilika. Alitegemea kwamba mama angekaa mahali pamoja ili apate wa kumwacha. Hakusema hivyo, ila ndivyo nilivyoelewa aliponiomba nisipite mbele ya lango la shule yao na baiskeli, walau mpaka amalize mitihani. Nilifikiri juu ya hilo siku mbili. Ningeweza kumpa hotuba juu ya uhuru, juu ya Ingoma Nshya, juu ya hayo yote niliyoyaandika hapa. Lakini mtoto naye ana dai lake, na halikuwa dai kubwa. Sasa ninapita njia ya bondeni, halafu ninapanda kutokea upande wa pili. Ni kilomita mbili zaidi, na ule mlima wa mwisho bado ninashuka na kusukuma.